Uyoga Unajua Juu ni Wapi: Usigeuze Mifuko Ovyo

Mazungumzo ya afisa wa kilimo na wakulima, Kegonga, Kuria Mashariki



Hapa kwetu tumezoea tumbaku na mahindi. Anayetafuta zao lisilohitaji shamba kubwa anaweza kupanda uyoga ndani ya mifuko, kwa mabua ya mahindi na maganda ya maharage. Lakini kuna kosa dogo linalotupotezea pesa, na mimi mwenyewe nimelifanya.

Nilipoanza, mifuko yangu ilikuwa imesimama. Vichwa vilipochomoza, niliilaza ili nipate nafasi ya mingine. Baada ya siku mbili mashina yalikuwa yamepinda na kofia zimebanana. Mnunuzi alitazama, akanilipa nusu bei.

Kwa nini ulipinda? Uyoga huhisi mvuto wa dunia, yaani ile nguvu inayoangusha embe kutoka mtini. Geuza kofia utazame chini yake: utaona vipande vyembamba vimepangwa kama kurasa za kitabu. Hapo ndipo zinapotoka spora, vumbi la uzazi wake. Spora huruka kidogo kutoka kwenye ukurasa, kisha huanguka wima katikati ya kurasa mbili. Kofia ikiinama, nyingi hunasa njiani. Ndiyo maana uyoga hujitahidi kuweka kofia yake sawa.

Ukilaza uyoga wenye shina refu, seli za upande wa chini wa shina hurefuka kuliko za juu, na shina likainuka tena. Katika aina moja ya kuvu, jamaa ya ukungu wa mkate, seli zina fuwele za protini zinazozama kama mawe ndani ya ndoo ya maji, na matone ya mafuta yanayoelea juu kama kwenye mchuzi. Hivyo kuvu hiyo hujua juu ni wapi hata gizani.

Mwaka 1993 wanasayansi wa Ujerumani walipeleka uyoga angani katika chombo cha Columbia, mahali ambapo vitu huelea. Uliota, lakini kila mmoja ulielekea upande wake. Haukuwa na chini wala juu.

Sasa turudi kwenye banda lako. Kwanza, amua mapema kama mfuko utasimama, utalala au utaning'inia, kabla vichwa havijachomoza. Vikishatoka, usiugeuze mpaka uvune. Uyoga mchanga unaweza kujirekebisha, uliokomaa hauwezi.

Pili, usilaumu mvuto kwa kila kitu. Mashina yakiwa marefu na kofia ndogo, banda halina hewa ya kutosha, fungua madirisha. Uyoga wote ukielekea upande mmoja na mfuko haujaguswa, tazama mwanga unaingilia wapi.

Tatu, rafu ziwe imara na mifuko isibanane, isije ikaangukiana usiku.

Mambo haya matatu hayahitaji mkopo wala dawa. Yanahitaji kuutazama uyoga kila asubuhi. Mwenye swali, au aliyeleta uyoga uliopinda, asogee mbele tuutazame pamoja.