Sidiria inayokaa vizuri: namna ya kuichagua na kuitunza

Makala ya leo inahusu vazi ambalo karibu kila mwanamke analo sandukuni, lakini ambalo ni nadra kuzungumzwa hadharani. Vazi hilo ni sidiria, au brazia kama wengi wanavyoliita. Mwanamke anaweza kutumia saa nzima kuchagua kanga au kitambaa cha gauni la harusi, akaulizia bei duka kwa duka, lakini sidiria akainunua kwa dakika mbili, bila kuijaribu, na kwa kipimo alichokikariri tangu alipokuwa msichana. Matokeo yake ni mabega yenye alama za kamba, maumivu ya shingo na mgongo, na fedha zilizopotea bure.

Sababu kubwa ya hali hiyo ni haya. Nchini Saudi Arabia, kwa mfano, kwa miaka mingi wauzaji katika maduka ya nguo za ndani za wanawake walikuwa wanaume. Mwanamke aliyetaka sidiria alilazimika kumtajia mwanamume asiyemjua ukubwa wa kifua chake, ama anunue kwa kukisia. Mwaka 2008, Reem Asaad, mhadhiri wa masuala ya fedha mjini Jeddah, alianzisha kampeni ya kuwataka wanawake wayasusie maduka hayo. Mwezi Juni mwaka 2011 Mfalme Abdullah alitoa amri kwamba kazi hiyo ifanywe na wanawake, na mwezi Januari mwaka 2012 amri hiyo ikaanza kutekelezwa. Maelfu ya wanawake walipata ajira, na wateja wakapata watu wa kuwauliza maswali ambayo hapo awali yaliishia moyoni.

Wanawake wa Kiswahili wanaoishi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya hawana tatizo hilo la wauzaji wanaume. Maduka mengi makubwa huwa na mhudumu mwanamke ambaye hupima wateja bila malipo, ndani ya chumba chenye pazia au mlango, na anayetaka kupimwa bila kuvua sidiria aliyoivaa huruhusiwa. Hata hivyo, wako wengi ambao hawajawahi kuingia katika chumba hicho. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba mwenye shida akiona haya kuisema, hawezi kusaidiwa.

Sidiria kama inavyojulikana leo si vazi la kale sana. Mwaka 1889 mshonaji wa Paris, Herminie Cadolle, alilikata vipande viwili lile vazi gumu la kubana kiuno lililovaliwa na wanawake wa Ulaya, na kipande cha juu kikawa cha kushikilia matiti. Mwezi Novemba mwaka 1914, Mary Phelps Jacob wa Marekani alipata hataza ya sidiria aliyoibuni kwa vitambaa viwili vya mkononi na utepe, na baadaye aliiuza kwa dola 1,500. Herufi A, B, C na D za ukubwa wa vikombe zilianza kutumiwa na kampuni moja ya Marekani katika miaka ya 1930. Kwa hiyo herufi hizo ambazo leo wanawake huzichukulia kama sehemu ya miili yao, hazijatimiza hata karne moja.

Kwa nini matiti yahitaji kushikiliwa? Titi halina msuli ndani yake. Limeundwa kwa mafuta, tezi za maziwa na mirija, na linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba zilizoelezwa na daktari mpasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, katika karne ya 19. Mwanamke anapotembea haraka au kukimbia, titi haliendi juu na chini tu. Huenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambao wamechunguza jambo hilo kwa miaka mingi, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi uliohusisha wasichana wa shule zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 18. Karibu nusu yao walisema kwamba matiti yao yaliathiri ushiriki wao katika michezo, na wengi mno walisema wangependa kuelimishwa zaidi kuhusu sehemu hiyo ya miili yao. Mzazi anayemwona binti yake akikwepa kipindi cha michezo shuleni, huenda akagundua kwamba tatizo si uvivu, bali ni kukosa sidiria inayofaa.

Sasa, kipimo hupatikana vipi? Mwanamke huhitaji utepe wa kupimia, ule anaotumia fundi cherehani, na kioo. Kwanza hupima mzunguko wa kifua chini kidogo ya matiti, utepe ukiwa umelala sawasawa mgongoni na ukiwa umekaza bila kuumiza. Pili, hupima mzunguko wa kifua kwenye sehemu iliyotokeza zaidi, safari hii bila kukaza. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayotoa herufi ya kikombe. Kwa utaratibu wa Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni kikombe A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, na 18 hadi 20 ni D. Mwanamke mwenye sentimita 79 chini ya matiti na 96 juu yake ana tofauti ya sentimita 17, kwa hiyo huanza kwa kujaribu 80C.

Hapa ndipo wengi wanaohama kutoka nchi moja hadi nyingine huchanganyikiwa. Sidiria ile ile iliyoandikwa 80C nchini Ujerumani huandikwa 95C nchini Ufaransa na 36C nchini Uingereza. Baada ya D, Waingereza huweka DD kabla ya E, ilhali katika nchi nyingine nyingi za Ulaya D hufuatwa moja kwa moja na E. Maana yake ni kwamba E ya London ni kubwa kuliko E ya Berlin. Aidha, utaratibu wa zamani wa Uingereza uliongeza inchi nne hivi juu ya kipimo cha chini ya matiti, na wapimaji wengi wa siku hizi wameuacha. Ndiyo maana mwanamke mmoja anaweza kupewa namba mbili tofauti katika maduka mawili ya mtaa mmoja. Namba ni mahali pa kuanzia tu. Kinachoamua ni kuijaribu sidiria mwilini.

Wakati wa kujaribu, kitu cha kwanza cha kuangalia ni mkanda unaozunguka kifua, kwani huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito, wala si kamba za mabegani. Mkanda unapaswa kulala sawa mbele na nyuma. Ukipanda mgongoni, ni mpana kupita kiasi. Vidole viwili viweze kupita chini yake, lakini si ngumi. Sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za mwisho, zile za upana zaidi, ili mkanda utakapoanza kulegea baada ya miezi kadhaa, mwenyewe apate nafasi ya kuukaza.

Kitu cha pili ni vikombe. Mvaaji ainame kidogo, alipange titi lote ndani ya kikombe kwa mkono, kisha asimame wima. Titi likifurika juu au kando ya kwapa, kikombe ni kidogo. Kitambaa kikifanya makunyanzi, kikombe ni kikubwa. Kama sidiria ina waya, waya huo ulizunguke titi na ulale juu ya mbavu, usilale juu ya titi lenyewe, na kipande cha katikati kiguse mfupa wa kifua. Mwisho, mikono inyanyuliwe juu. Mkanda ukipanda pamoja na mikono, sidiria hiyo irudishwe ilikotoka.

Jambo jingine lenye manufaa ni kujua kwamba mkanda ukipungua namba moja, kikombe huongezwa herufi moja ili ujazo ubaki uleule. Aliyeona 36C inamlegea mgongoni, ilhali vikombe vyake vinamtosha, ajaribu 34D. Wengi hukosea kwa kuchukua 34C, kisha hulalamika kwamba sidiria zote zinabana.

Mwili wa mwanamke pia haubaki vilevile. Mimba, kunyonyesha, kuongezeka au kupungua uzito, na hata mzunguko wa hedhi, vyote hubadilisha ukubwa wa matiti. Inafaa kupima upya angalau mara moja kwa mwaka. Mama anayenyonyesha huhitaji sidiria inayofunguka mbele na isiyobana, kwa sababu nguo inayokandamiza titi huweza kuchangia maziwa kukwama na titi kuvimba kwa uchungu. Kwa michezo, iko sidiria maalumu iliyobuniwa mwaka 1977 katika jimbo la Vermont, Marekani, na Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller. Sidiria ya kwanza ya aina hiyo waliishona kwa kuunganisha nguo mbili za ndani za kinga wanazovaa wanamichezo wanaume.

Kuna uvumi ambao umesambaa tangu miaka ya 1990 kwamba sidiria, hasa yenye waya, husababisha saratani ya matiti. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson mjini Seattle, Marekani, walichapisha uchunguzi uliolinganisha wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa na saratani hiyo na wengine ambao hawakuwa nayo. Hawakuona uhusiano wowote, wala kwa ukubwa wa kikombe, wala kwa waya, wala kwa saa za kuivaa. Kinachostahili kumpeleka mwanamke kwa daktari bila kuchelewa ni uvimbe mpya, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Anayeujua vizuri umbo la matiti yake huyatambua mabadiliko hayo mapema.

Baada ya kununua, kuna kutunza. Uhai wa sidiria umo katika nyuzi zinazonyumbuka. Nyuzi hizo, ambazo mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont aliziboresha mwaka 1958, zina maadui wawili wakubwa: joto kali na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Kwa hiyo sidiria ifuliwe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 30, na kwa sabuni isiyo kali. Isikamuliwe kwa kusokotwa. Ikandamizwe ndani ya taulo, vikombe virudishwe katika umbo lake, kisha itundikwe kwa kipande cha katikati. Ikitundikwa kwa kamba za mabegani, uzito wa maji huzivuta na kuzilegeza. Anayelazimika kutumia mashine afunge kulabu kwanza, aiweke sidiria ndani ya mfuko wa wavu, na asiiingize kamwe katika mashine ya kukaushia. Mwenye sidiria tatu akizivaa kwa zamu, kila moja hupata muda wa kurudia hali yake.

Kwa walio Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Wanawake wengi wa pwani huanika nguo za ndani chini ya kanga ili zisionekane na wapita njia. Haya hiyo ina heshima yake, lakini nguo hubaki na unyevu na kuota ukungu. Tena, katika sehemu zenye joto na unyevu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na buu lake huingia katika ngozi ya mvaaji. Nguo nyingine hupigwa pasi ya moto ili kuyaua mayai hayo, lakini pasi hiyo huiharibu sidiria. Iliyo salama zaidi ni kuianika ndani ya nyumba, karibu na dirisha lenye wavu, mahali penye hewa ya kutosha.

Hatimaye, kuna wale wanaojaza maboksi na mapipa ya kupeleka nyumbani. Wakumbuke kwamba Tanzania imepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani za mitumba, na sababu inayotolewa ni afya ya mvaaji. Anayetaka kumtumia mama au shangazi sidiria, amnunulie mpya. Lakini kabla ya kwenda dukani ampigie simu, amwombe achukue utepe kwa fundi wa jirani na ajipime mara mbili, chini ya matiti na juu yake. Huenda mama huyo akacheka kwanza, na huenda akasema kwamba hajawahi kuulizwa swali kama hilo maishani mwake. Aulizwe tena, kwa upole, mpaka vipimo vyote viwili viandikwe.