Mabonde ya Mito na Gharama Isiyoandikwa

Matini ya mada kwa wakazi na viongozi wa mitaa iliyo kando ya mito



Abiria anayeshuka kituo cha Africana, Mbezi Beach, aghalabu hajui kwamba jina hilo ni la hoteli. Hoteli ya Africana ilijengwa ufukoni ili wageni waione bahari kwa karibu. Bahari nayo ikasogea karibu zaidi ya ilivyotarajiwa: ikaula ufuko, ikafika majengoni, na hoteli ikaachwa. Kilichosalia ni jina kinywani mwa makondakta.

Watafiti walioichunguza pwani ya Kunduchi walizitaja sababu nyingi za mmomonyoko huo. Zipo nguvu za mawimbi na pepo za msimu, na upo uvuvi wa baruti ulioyavunja matumbawe yanayoukinga ufuko. Lakini sababu mojawapo haikutoka baharini. Ilitoka bara, katika Mto Tegeta, Mto Mbezi na vijito vya jirani, ambako mchanga ulichimbwa kwa wingi na kupakiwa malorini kwa ajili ya ujenzi wa mji.

Jambo hili lahitaji kuelezwa kwa utuvu. Mvua za masika zinaponyesha, maji huubeba mchanga kutoka miinuko ya bara na kuuteremsha hadi mdomoni mwa mto. Hapo mikondo ya bahari huupokea na kuutandaza pwani. Ufuko, basi, hautulii hata siku moja, kwani mawimbi huuchukua mchanga wake kila siku na mto huulipia kila msimu. Lori lichotapo mchanga katika Mto Tegeta huchota malipo hayo kabla hayajafika. Na hasara haiishii pwani. Kitako cha mto kikishushwa, maji hupata kasi, huzila kingo, huzifukua nguzo za madaraja, na nyumba iliyokuwa hatua nyingi kutoka mtoni hujikuta ukingoni.

Ni kosa hata hivyo kumtwika mchimbaji lawama yote. Kijana mwenye koleo hupata ujira wa siku; mchanga wake umo katika kuta za nyumba za watu wengi wanaomlaani. Maadamu mji unajengwa, mchanga utatafutwa. Lililo wazi ni kwamba bei ya lori moja haijumuishi daraja wala ufuko.

Wataalamu huziita kazi kama hizi za mto huduma za mfumo ikolojia. Jina ni zito, ilhali jambo lenyewe mkulima wa bondeni analijua. Bonde hupokea maji ya mafuriko na kuyatandaza yasiwe na nguvu. Udongo wenye majani huyanyonya maji na kuyahifadhi chini, nayo huyarudisha mtoni na visimani wakati wa kiangazi. Matete hupunguza uchafu. Mikoko huzuia tope, hukinga pwani, na huwalea samaki na kamba wachanga. Kazi hizi hazina ankara, na kwa sababu hiyo huingia katika hesabu za mji pale tu zinapokoma.

Nazo zimeanza kukoma kwa sababu ya wingi wa watu na namna wanavyokaa. Sensa ya mwaka 2002 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu wapatao milioni 2.5, ya mwaka 2012 ilihesabu 4,364,541, ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wao hawakupata viwanja vilivyopimwa. Walinunua vipande vya mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, wakajenga. Paa la bati halinyonyi hata tone moja, na ua wa saruji ni vivyo hivyo. Maji yaliyokuwa yakichukua siku nyingi kupenya ardhini na kufika mtoni sasa hufika kwa saa chache, tena yote kwa pamoja.

Bonde la Msimbazi ndilo lenye ushahidi mchungu zaidi. Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya mji, na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1979 ulikwisha kuyahesabu mabonde ya mji kuwa ardhi hatarishi. Nyumba zikajengwa hata hivyo. Tarehe 20 Desemba 2011 mji ulipata milimita 156.4 za mvua kwa siku moja, kiasi ambacho hakikuwa kimeandikwa tangu mwaka 1954, na mafuriko ya siku hizo yakaua watu zaidi ya 40. Mvua kubwa ilikuwa kubwa kweli. Hakuna msitu ambao ungeinyonya yote. Lakini bonde lililojengwa, mifereji iliyozibwa kwa taka na kitako cha mto kilichojaa mchanga wa mmomonyoko viliifanya mvua hiyo kuwa msiba. Yafaa kutazama kinyume hiki: Tegeta mchanga hupungua kwa kuchimbwa, na Jangwani hujaa kwa sababu miinuko ya juu imevuliwa majani. Mito miwili, makosa mawili tofauti, na tiba ya mmoja haiwezi kuwa tiba ya mwingine. Anayependekeza kuzoa mchanga kila mahali, au kuukataza kila mahali, hajaitembelea mito yote miwili.

Upande wa Temeke, habari ni ya maji ya kunywa. Mto Kizinga, unaoteremka kutoka upande wa Kisarawe na kupita chini ya Barabara ya Kilwa hapo Mtoni, ndio uliokuwa chanzo cha mtambo wa maji wa Mtoni uliojengwa mwaka 1949, kabla ya Ruvu Juu ya mwaka 1959 na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Leo mchango wa Mtoni ni mdogo mno ukilinganishwa na mitambo ya Ruvu, yenye uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Udogo huo usiwafanye wakazi wa Temeke kuudharau mto wao. Maji ya Ruvu hutoka milima ya Uluguru, na mwishoni mwa mwaka 2022, mto huo ulipopungua, mgao uliugusa mji mzima. Siku kama hizo mama wa Mbagala au Yombo hurudi kisimani, na kisima chake hutegemea mvua iliyopenya katika ardhi ya jirani.

Kisima hicho nacho kina maadui wawili. Wa kwanza ni choo cha shimo kilichochimbwa karibu nacho. Kipindupindu kilichozuka Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, na maji machafu ni njia yake ya zamani. Wa pili ni chumvi. Tangu ukame wa mwaka 1997 visima virefu vimechimbwa kwa wingi, na penye uvutaji mkubwa kuliko upenyaji wa mvua, maji ya bahari huingia chini kwa chini. Kisima kikishakuwa cha chumvi, huchukua muda mrefu mno kurudi.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ugumu ni kwamba mto unaokula kingo zake huhama, na mita 60 huhama pamoja nao. Mkazi aliyejenga mbali anaweza kuamka yumo ndani ya eneo lililokatazwa bila kuhama hata hatua moja. Swali la haki liko hapo, na alama ya rangi nyekundu ukutani hailijibu.

Katika Msimbazi swali hilo limepata jibu la fedha: mradi wa kuliendeleza bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022, umelipa fidia wakazi wa bonde la chini, na nyumba zikaanza kubomolewa. Wakazi wa kando ya Tegeta, Mbezi, Kizinga na Mzinga hawamo katika mradi huo. Kwao kuhama ni kwa gharama zao wenyewe, au ni kungoja.

Na hata kuhamishwa kuna hesabu yake. Waathirika wa mafuriko ya mwaka 2011 walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa Kinondoni, karibu na msitu wa Pande. Wapo walioviuza na kurejea mjini, kwa kuwa kibarua na biashara ndogo havikuhama pamoja nao. Waliobaki walijenga, na wengine wakawafuata. Mapori yakafyekwa, mabati yakaezekwa, na barabara za udongo zikawa njia za maji kila masika. Maji hayo hushuka makorongoni kuelekea pwani, yakipita nyuma ya nyumba za watu wa Bunju ambao hawakuwahi kuishi bondeni. Mitaa ya juu na mitaa ya chini ina wenyeviti tofauti, na aghalabu mihtasari ya vikao vyao hupita kila mmoja njia yake, ilhali korongo ni moja. Kabla ya vuli ijayo, kikao cha kwanza cha pamoja kingeweza kufanyika kwa miguu tu, kuanzia Mabwepande kushuka na korongo hadi baharini, huku mtendaji wa kila mtaa akionyesha mahali ambapo maji yalipita mwaka jana.