Kazi ya Tabibu Kijana wa Viungo



Watu wengi wa Kaloleni, Bahati na Makadara hudhani kwamba tabibu wa viungo ni mkandaji tu. Sivyo. Tabibu kijana wa hospitali humpima mgonjwa, humfundisha mazoezi na kuandika kila jambo katika faili. Na likimshinda jambo, hana budi kumwarifu mkubwa wake.

Tutwae mfano wa mtoto aliyezaliwa Pumwani, nyayo zake zimepinda kwa ndani. Kwa njia ya Daktari Ponseti wa Iowa, Marekani, mguu hunyoshwa polepole kwa mikono, kisha hufungwa plasta tangu vidoleni hata pajani. Plasta hubadilishwa kila juma, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa, na plasta ya mwisho hukaa majuma 3.

Hapo mama huuona mguu umenyooka, akadhani kazi imekwisha. Kumbe bado! Mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kila siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala hata afikie miaka 4 hivi. Vikiachwa mapema, mguu huweza kupinda tena.

Basi kazi kubwa ya tabibu kijana ni kumweleza mama pasipo kumkaripia, na asiporudi, kuuliza sababu. Pengine ni nauli tu. Nao majirani wasiseme kwamba mtoto anateswa. Wamtie mama moyo, mtoto apate kutembea.