Unyumba Nao ni Afya: Mhadhara wa Umma, Cibitoke



Mwenye presha au kisukari akifika kituo cha afya katika mitaa yetu ya kaskazini ya Bujumbura hupimwa presha, hupimwa sukari, huulizwa habari za chumvi na pombe, kisha hupewa vidonge na kuambiwa arudi mwezi ujao. Habari za chumbani haulizwi, naye hazisemi. Jambo linalomnyima usingizi, ambalo pengine ndilo lililomtoa nyumbani, hurudi naye vilevile. Jioni hii nataka tulizungumze kwa heshima, bila kuzunguka.

Shirika la Afya Duniani, katika maelezo liliyoyachapisha mwaka 2006, linasema afya ya ujinsia ni hali njema ya mwili, hisia, akili na maisha ya mtu kati ya watu. Kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi. Sisi Burundi tumeshika nusu ya maneno hayo, ile ya kuhesabu uzazi na ugonjwa. Utafiti wa taifa wa 2016–2017 ulikuta kwamba mwanamke huzaa wastani wa watoto 5.5, na kwamba walio na virusi vya UKIMWI ni chini kidogo ya mtu 1 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Tunazihitaji namba hizo. Lakini tazameni: hojaji ya wanawake huishia miaka 49. Mama wa miaka hamsini na mitano, aliyekwisha kuzaa na bado analala na mumewe, hayumo kabisa.

Nianze na wanaume, kwa kuwa ndio wanaojificha zaidi. Uume husimama kwa nguvu ya damu. Mishipa inayoupelekea damu hiyo ina upana wa milimita 1 hadi 2; inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Sukari, presha na sigara zikianza kuharibu mishipa, ile myembamba ndiyo hulemewa kwanza. Kwa hiyo mwanaume wa miaka arobaini na kitu anayeanza kushindwa huenda anapewa onyo miaka 2 hadi 5 kabla moyo wenyewe haujalalamika. Akienda kupimwa, anaweza kuokoka. Akiamini amerogwa, au akinunua kidonge kwa siri, onyo limepotea. Sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Lakini mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiimeza, presha yake yaweza kuporomoka hadi afe.

Liko na la pili, na hili huniumiza. Baadhi ya vidonge vya presha, vikiwemo vile vya kukojosha, vinaweza kupunguza nguvu za kiume. Mwanaume akiona hivyo huviacha kimya kimya. Mke haambiwi, muuguzi haambiwi. Siku moja anapooza upande, na ukoo unaanza kutafuta nani kamfanyia. Angesema maneno mawili tu, dawa ingebadilishwa.

Kwa wanawake ukimya una sura nyingine. Hedhi ikikoma, uke hukauka na tendo huuma. Mke hukwepa, mume hudhani amechukiwa au kuna mwingine. Nyumba ya miaka thelathini yaweza kubomoka kwa tatizo ambalo mafuta au vilainishi vya duka la dawa vingelipunguza sana. Yuko pia mke kijana anayeogopa mimba ya sita kuliko anavyomtamani mumewe. Kwake uzazi wa mpango ndio unaofungua mlango wa furaha. Na wapo waliopata fistula kwa kukaa na uchungu siku nyingi, mkojo ukawa hauzuiliki, wakatolewa chumbani na hata nyumbani. Tangu Mei 2006 kujifungua katika vituo vya serikali ni bure, na mwaka 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha Urumuri kule Gitega cha kutibu fistula. Mwanamke aliyeshonwa akapona hurudishiwa ndoa, ibada na soko kwa pamoja.

Wengine wataniambia mambo haya ni ya Wazungu. Mimi nasema wazee wetu waliyajua. Masenge, yaani shangazi, alimfundisha binti kuhusu mwili wake kabla ya ndoa, na katika nchi hizi za Maziwa Makuu mume alitarajiwa kujua ufundi wa kumridhisha mkewe taratibu. Daktari Mnyarwanda Nsekuye Bizimana ameuandikia kitabu. Kisha vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwatawanya watu wa mitaa hii, na masenge wengi hawakurudi. Pengo lao tumeliachia simu na video za aibu. Cheti cha ndoa nacho hakilizibi pengo hilo. Mwaka 2017 serikali iliwataka wanaoishi pamoja bila ndoa waandikishe ndoa zao kabla mwaka haujaisha. Cheti humlinda mke na watoto, nami nakiheshimu. Lakini hakimfundishi mtu kumsikiliza mwenzake. Na pale ambapo hakuna ridhaa hakuna afya, awe mke wa ndoa au la. Kituo cha Seruka hapa Bujumbura kimewahudumia walionajisiwa tangu 2003.

Kama mnadhani ukimya hauvunjiki, mkumbukeni Jeanne Gapiya-Niyonzima. Katika miaka ya 1990, kanisani, padri aliomba huruma kwa wenye UKIMWI kwa kuwa walitenda dhambi. Mama huyu, aliyekwisha kuzika mtoto na mume, alisimama mbele ya watu wote akasema yeye anavyo virusi. Hakuna Mrundi aliyewahi kulisema hadharani kabla yake. Chama chake cha kuwasaidia wenye virusi, ANSS, kilianza mwaka 1993, na mwaka 1999 kikafungua kituo cha Turiho, ambako watu waliokwisha kuliliwa walipata matibabu wakaishi.

Basi ninyi wauguzi wa Cibitoke, Kinama, Kamenge na Ngagara, naomba jambo moja. Kila mtu mzima anayekuja kwa presha au sukari, na kila mama ambaye hedhi imekoma, mfungieni mlango, mwulizeni: unyumba unakwendaje? Na wewe baba uliyeacha vidonge, kesho rudi kituoni, useme kwa nini.