Ustadi Usio na Cheti
Hotuba iliyotolewa katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu



Katika Mahabharata imo habari ya Ekalavya, kijana aliyekataliwa na mwalimu Drona. Alifinyanga sanamu ya mwalimu huyo, akajizoeza upinde mbele yake hata akawa mpiga mishale asiye na mfano. Drona alipouona ustadi ule, alidai kidole gumba cha mkono wake wa kulia kiwe ada ya ualimu. Ekalavya akakikata, akampa. Tumezoea kuusifu utii wa mwanafunzi. Leo naomba tutafakari wajibu wa wale walioushuhudia ustadi wake.

Akina Ekalavya tunao hapa Tanzania. Karakana zetu zimefundisha watu wengi, mwanagenzi akisimama kando ya fundi wake, Mhindi au Mwafrika, bila ubao wala daftari. Fundi wa namna hiyo aweza kuunda kabati lisilo na dosari, au kuifufua injini iliyokwisha kukatiwa tamaa. Lakini karakana ikifungwa, au tajiri wake akifariki, huanza upya kama kibarua, kwa kuwa hana karatasi ya kumsemea.

Njia ipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtathmini humtazama fundi akitenda kazi yake na kumhoji. Panapoonekana upungufu, hupewa mafunzo ya kuuziba. Anayefuzu hutunukiwa cheti. Harudishwi kusoma alifu upya. Kwa cheti hicho, hata asiyemjua huweza kuuamini mkono wake.

Kwetu sisi waajiri, wajibu si mzito: tumwandikie fundi barua ya kweli kuhusu kazi alizofanya na miaka aliyotumika, tumruhusu kwenda kutathminiwa bila kumkata ujira, na tumsaidie ada. Wapo watakaohofu kwamba fundi mwenye cheti atadai zaidi, au ataondoka. Huenda ikawa hivyo. Hata hivyo, kumshika mtu kwa kumnyima ushahidi wa kazi yake mwenyewe ni kukidai tena kile kidole gumba.

Siku ya Vishwakarma huvipamba maua vyombo vya kazi. Mwaka huu tuwaheshimu pia wanaovishika.