Mvua ya Wastani, Wastani wa Wapi?



Kila msimu unapokaribia, redio hutangaza utabiri wa mvua. Neno linalosikika zaidi ni "wastani": mvua itakuwa ya wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Mkulima wa Wundanyi na mkulima wa Voi husikia tangazo hilo hilo, lakini maana yake shambani si moja.

Ikweta inapita katikati ya Kenya. Mkanda wa mvua hulifuata jua la utosi na kuvuka nchi mara mbili kwa mwaka. Ndiyo sababu kuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Hata hivyo, si kila eneo hufuata ratiba hiyo. Magharibi mwa Bonde la Ufa, hewa yenye unyevu kutoka Kongo na Ziwa Victoria huendeleza mvua hata Juni hadi Agosti. Miezi hiyo hiyo Nyeri na Nairobi huwa na baridi na mawingu. Pwani, pepo za kusi huleta mvua kubwa zaidi mwezi wa Mei, na kaskazi inapovuma Januari na Februari, ardhi hukauka.

Kwa mwaka, Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua, na Lodwar karibu 200. Kwa hivyo mvua "juu ya wastani" Lodwar bado ni kidogo kuliko mvua "chini ya wastani" Kakamega. Wastani unaotajwa ni wa mahali husika, kutokana na vipimo vya miaka mingi.

Katika Taita Taveta, tofauti hiyo iko umbali wa safari fupi ya matatu. Upepo wa baharini ukifika Milima ya Taita hupanda, hupoa, kisha huacha ukungu na mvua. Wundanyi hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Voi, kule bondeni, hupata takriban 550, na sehemu kubwa hunyesha Novemba na Desemba. Taveta nako, mashamba mengi hutegemea chemchemi zinazotoka Mlima Kilimanjaro.

Kwa mkulima wa nyanda za chini, basi, msimu wa kutegemewa zaidi ni vuli. Akipanda mahindi ya nyanda za juu kama H614, yanayochukua miezi 6 hadi 8, mvua itakwisha kabla hayajakomaa. Katumani hukomaa kwa miezi 3 hadi 4. Mtama, pojo, kunde na mbaazi pia huvumilia ukame.

Gharama ya kukosea ni kubwa. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu 5 mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Kisha vuli ya 2023 na masika ya 2024 zikaleta mafuriko.

Serikali ya Kaunti inawahimiza wakazi kufuata utabiri wa kaunti unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, badala ya kutegemea taarifa ya nchi nzima pekee. Mkulima aulize mambo matatu: mvua itaanza lini, itakoma lini, na je, kutakuwa na siku nyingi za jua katikati? Majibu hayo yana uzito kuliko jumla ya mvua, kwa sababu mvua ya mwezi mzima ikinyesha kwa siku 4, mmea hautaishi kwa siku zilizosalia.

Afisa wa kilimo wa wadi atasaidia kulinganisha utabiri huo na mbegu inayofaa. Ni vyema kumwona kabla ya kununua mbegu, si baada ya kupanda.