Nauli ya Simu na Haki ya Msafiri

Wengi wetu hulipa nauli ya matatu kwa M-Pesa, nasi twashukuru. Lakini tukumbuke mwaka 2014, serikali ilipoagiza nauli jijini Nairobi ilipwe kwa kadi. Mpango ulikwama. Kadi zilikuwa nyingi, zisizopatana. Na dereva na makanga, ambao riziki yao ni kile kibakicho baada ya fungu la mwenye gari, waliona mkate wao wa kila siku ukifungiwa benki. (Rushwa ya barabarani nayo, kama mjuavyo, haipendi stakabadhi.) Basi wanaobuni leo programu ya tiketi twawasihi waketi kwanza na makanga, kisha na mama muuza mboga mwenye simu ndogo isiyo na intaneti. Simu yake ikizimika njiani, je, atashushwa?